Tukio na Saa Yake

Wako watu, na baadhi yao ni mafundi wa sifa, wasemao kuwa milisekunde kumi si kitu. Husema hivyo wanapozitetea programu za muziki ambazo huyaacha maandishi ya mtungaji yakingoja nje ya mlango mpaka kompyuta imalize shughuli zake nyingine. Sikio, wasema, halitambui tofauti ndogo kama hiyo. Na mtungaji anayenung'unika huambiwa kuwa kama mambo madogo yanamsumbua mno, basi na ajifunze lugha ngumu zaidi ya kompyuta, akaunde moduli yake mwenyewe. Makala haya yakusudia kuyapinga maneno hayo yote mawili. La kwanza si kweli. La pili ni dhuluma kwa wanafunzi.

Kwa msomaji asiyevizoea vyombo hivi, yafaa nieleze kidogo. Programu ya muziki ya moduli ni kama meza ya fundi iliyojaa visanduku. Kisanduku kimoja hutoa mawimbi ya sauti, cha pili huyachuja, cha tatu huhesabu mapigo, na mtungaji huviunganisha kwa nyuzi zichorwazo juu ya kioo cha kompyuta. Wazo hili lilitoka katika mitambo ya umeme ambayo Robert Moog na Donald Buchla waliijenga Marekani katika miaka ya 1960, ambamo nyuzi zilikuwa nyaya za kweli na pigo lilikuwa volti iliyopanda ghafla. Katika nyaya zile hapakuwa na haja ya kuuliza tukio litafika lini: volti ikipanda upande huu, imepanda na upande wa pili. Foleni ililetwa na kompyuta, kwa sababu kompyuta hufanya kazi zake kwa zamu. Na skripti ni maandishi mafupi ya maagizo, kwa lugha kama JavaScript au Lua, ambayo mtungaji huyatia ndani ya kisanduku kimoja ili kifanye jambo ambalo waliokiuza hawakulifikiri. Ndiyo njia ya mtu asiye mhandisi ya kusema neno lake mwenyewe katika ala hii. Kwa hiyo swali la namna skripti inavyopewa wakati si swali la mafundi peke yao.

Tuanze na sikio, maana ndilo linalosingiziwa. Mwaka 1995 watafiti wawili wa Stockholm, Anders Friberg na Johan Sundberg, walichapisha majaribio yao juu ya mfululizo wa mapigo yaliyopangwa sawasawa, ambamo jambo moja hubadilishwa kidogo na msikilizaji huulizwa kama ametambua. Mapigo yalipokaribiana kwa chini ya milisekunde 240 hivi, badiliko la milisekunde 6 lilitosha kutambulika. Yalipoachana zaidi, kipimo kilikuwa kama asilimia 2.5 ya nafasi iliyo kati yao. Hiyo ni hesabu ya mwendo tu. Kuna tendo jingine la sikio lililo kali kuliko hilo. Twaa sauti moja, uirudie juu yake yenyewe baada ya milisekunde 1. Hakuna atakayesema amesikia sauti mbili, lakini kila mtu atasema sauti imebadilika rangi, kwa sababu mawimbi ya mara 500 kwa sekunde hufutana, na ya 1,500, na ya 2,500, na kuendelea. Basi skripti ikiamsha visanduku viwili ambavyo vilipasa kuanza pamoja, na kimoja kikachelewa leo kwa milisekunde 1 na kesho kwa 2, kitu kinachoharibika si mwendo: ni sauti yenyewe, na mtungaji hatajua kwa nini ala yake yalia kwa namna mbili.

Zaidi ya hayo, mwendo na sauti ya juu au chini si vitu viwili. Karlheinz Stockhausen alilieleza jambo hili katika insha aliyoichapisha mwaka 1957, kisha akalionyesha kwa masikio katika Kontakte, aliyoitunga katika studio ya redio ya Köln kati ya 1958 na 1960: ndani yake mna sauti moja inayoshuka, inashuka, mpaka inavunjika kuwa mapigo yanayoweza kuhesabiwa mojamoja. Mapigo mia kwa sekunde si mapigo tena, ni noti. Watungaji wa leo wanaotumia vipande vidogo vya sauti, kila kimoja kikiwa na urefu wa milisekunde chache, huishi katika mpaka huo huo. Skripti ikivitoa vipande mia kwa sekunde, kila kimoja katika milisekunde yake ya kumi, msikilizaji husikia noti safi. Vikiyumba kwa milisekunde 3 huku na huku, husikia mkwaruzo. Anayesema milisekunde kumi si kitu amesema, pasipo kujua, kwamba noti nzima si kitu.

Walakini yapasa tutenganishe mambo mawili ambayo wabishi wa pande zote mbili huyachanganya. Kuchelewa ni jambo moja. Kuyumba ni jambo jingine. Sauti husafiri kiasi cha mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo mpiga ngoma aliye mita 3 kutoka kwako hukufikia amechelewa karibu milisekunde 9, na watu wamecheza ngoma tangu dunia kuumbwa bila ya kulalamika. Ucheleweshaji ulio sawa siku zote huzoewa, kama mguu uzoeavyo urefu wa ngazi. Kinachoudhi ni ngazi ambayo kila kipandio kina kimo chake. Msomaji wa mashairi ataelewa upesi. Ubeti wenye mizani kumi na sita katika kila mshororo ukiongezwa mzani mmoja katika mishororo yote, tutasema mtungaji amechagua kipimo kingine. Lakini mshororo wa kwanza ukiwa na kumi na tano, wa pili kumi na saba, wa tatu kumi na sita, tutasema kuwa hajui kutunga, na hatutamsikiliza akitujibu kwamba mzani mmoja katika kumi na sita ni kitu kidogo.

Sasa na tuitazame hali ilivyo. Programu za kwanza hazikuwa na ugonjwa huu. Max Mathews wa Bell Labs alipoifanya kompyuta iimbe mwaka 1957, kwa kipande cha sekunde 17, mtambo haukuharakishwa na mtu yeyote. Ulihesabu kwa nafasi yake, na sauti ikasikilizwa baadaye. Katika jamii ya programu zilizozaliwa na ile, kila noti iliandikwa pamoja na wakati wake wa kuanza na muda wa kudumu kwake. Noti ilikuwa na saa yake kama vile mtu alivyo na jina lake. Ugonjwa uliingia tulipotaka kompyuta icheze nasi jukwaani. MIDI, mapatano ya mwaka 1983 ya kuunganisha vinanda na kompyuta, hupeleka noti katika waya pasipo kuitaja saa: ujumbe wasema "piga", na maana yake ni "piga sasa". Waya wenyewe hupitisha biti 31,250 kwa sekunde, na ujumbe mmoja wa noti huchukua karibu milisekunde 1. Hivyo noti kumi zilizoandikwa kuwa za pamoja aghalabu hutoka katika safu, mmoja nyuma ya mwenzake. Mapatano yale yalitimiza mengi, wala sioni haja ya kuyatukana. Lakini yalitufundisha tabia mbaya ya kudhani kuwa tukio ni agizo tu, na kuwa saa yake ni saa ile litakapopata kusikilizwa.

Miller Puckette alikataa kuridhika na tabia hiyo. Alipokuwa katika taasisi ya IRCAM huko Paris katika miaka ya 1980 aliandika programu aliyoiita Max kwa heshima ya Mathews, na Philippe Manoury akaitumia katika Pluton, kazi ya piano na kompyuta ya mwaka 1988. Baadaye, mwaka 1996, Puckette alitoa Pure Data, ambayo watu huiita Pd. Katika Pd sauti huhesabiwa kwa mafungu ya sampuli 64, yaani karibu milisekunde 1.45 kwa kipimo cha sampuli 44,100 kwa sekunde, na matukio hushughulikiwa kati ya fungu na fungu. Lakini kila tukio lina wakati wake wa kimantiki, ambao haufuati kasi ya kompyuta. Metronomu ikiambiwa ipige kila milisekunde 1.3, hesabu yake haipotei hata kama mtambo umechoka. Na kisanduku kiitwacho vline~ chaweza kuisoma hesabu hiyo na kuanzisha badiliko katikati ya fungu, mahali pake hasa. Kadhalika aandikaye kwa Lua ndani ya Pd hupewa saa inayofuata wakati huo huo wa kimantiki. Kwa hiyo asije mtu akatuambia kuwa jambo hili haliwezekani. Linawezekana, na limefanywa.

Tazama basi jinsi mambo yalivyokwenda katika Max ya biashara, iliyo ndiyo maarufu zaidi vyuoni. Humo mna njia mbili za kazi: moja ina haki ya kutangulia, nayo ni ya mapigo na MIDI, nyingine hungoja, nayo ni ya kuchora kioo, kusoma mafaili na kufuata mkono wa mtumiaji. Kisanduku kiitwacho js, kilichokuja na toleo la 4.5 mwaka 2004 ili mtungaji aweze kuandika JavaScript, kiliwekwa katika njia ya pili. Tukio likitoka kwenye metronomu likaifikia skripti, huvuliwa haki yake mlangoni na kupelekwa nyuma ya foleni. Mtumiaji akikokota dirisha kwa mkono, muziki wa skripti husita. Na skripti ikiuliza saa, huambiwa saa ile iliyoingia yenyewe, si saa lilipotokea tukio. Kwa hiyo haiwezi hata kujua imechelewa kwa kiasi gani, seuze kujirekebisha. Hili ndilo ninaloliita kuvua tukio saa yake. Sisemi kuwa walioliamua walikosa sababu, na sababu yao nitaitaja. Nasema kuwa wameamua juu ya muziki pasipo kuuliza muziki.

Matokeo yake huonekana katika kazi za wanafunzi. Mtu akinyimwa saa hujitengenezea saa, na ile anayojitengenezea aghalabu ni mbovu. Huandika hivi: fanya kazi, kisha ngoja milisekunde 500, kisha fanya tena. Lakini kazi yenyewe ina muda wake. Ikichukua milisekunde 3 kila mara, baada ya mapigo 200 wimbo umebaki nyuma kwa milisekunde 600, yaani zaidi ya pigo zima, na ala nyingine zimekwisha kwenda. Lugha yetu ingemsaidia kuona kosa liko wapi. Mtu akisema, "Nitakuja nusu saa baada ya kumaliza kuoga," hakuna ajuaye atakuja lini. Akisema, "Nitakuja saa tatu u nusu," ametoa ahadi. Skripti ya muziki yapasa kutoa ahadi: pigo la kwanza lilikuwa wakati fulani, la mia mbili litakuwa wakati huo na kuongeza nusu sekunde mara mia na tisini na tisa, hata kazi iliyo kati ikirefuka au kufupika. Walakini ahadi yahitaji mtu wa kuipokea. Programu ambayo haina mlango wa kupokea neno "ifikapo saa fulani" humlazimisha mwanafunzi aseme "baada ya", kisha mwalimu humkosoa kwa mwendo wake mbovu.

Tena kuna suala la matukio mawili yaliyotokea pamoja. "Pamoja" ni neno rahisi kinywani, lakini ndani ya kompyuta hakuna pamoja. Kuna kutangulia na kufuata. Katika Max uzi mmoja ukigawanyika kwenda visanduku viwili, kilicho kulia hupata kwanza. Maana yake ni kwamba mtu akikisogeza kisanduku kwa ajili ya unadhifu wa mchoro, amebadilisha muziki. Katika Pd ni afadhali kwa upande mmoja na vibaya zaidi kwa upande wa pili: utaratibu hufuata uzi upi uliunganishwa kwanza, jambo ambalo mchoro hauonyeshi kabisa, na ndiyo sababu walimu wema husisitiza kisanduku cha trigger, ambacho huutaja utaratibu waziwazi. VCV Rack, iliyotolewa na Andrew Belt mwaka 2017, imerudi karibu na nyaya za Moog: kila kisanduku huhesabiwa kwa kila sampuli, na uzi mmoja huchelewesha sampuli moja tu. Hata hivyo sampuli moja yatosha kuleta ugomvi. Pigo la mwendo likipita nyuzi mbili na pigo la kurudisha wimbo mwanzoni likapita uzi mmoja, la kurudisha litatangulia, na wimbo utaruka hatua. Wao wameweka kanuni kuwa kisanduku kikishapokea pigo la kurudisha, kiyapuuze mapigo ya mwendo kwa milisekunde 1. Ni dawa ya kienyeji, lakini angalau wamekiri kuwa kuna mgonjwa.

Na humo humo mna mfano mzuri wa namna ya kuitendea skripti kwa haki. Kisanduku cha VCV Prototype huiita skripti ya mtungaji mara moja katika kila sampuli 32, asipoagiza vinginevyo. Pigo la kawaida la Rack hudumu milisekunde 1, yaani sampuli 44 hivi, basi skripti italiona. Mtungaji akiongeza nafasi hiyo iwe sampuli 64 ili kompyuta ipumue, mapigo mengine yatapita asiyaone, na hapo amejitakia. Lakini aweza kuagiza jambo jingine: apewe fungu zima la sampuli kwa mara moja, alipekue, aone ni katika sampuli ipi volti ilipanda, kisha aandike jibu lake katika sampuli ile ile ya fungu la kutokea. Jibu litachelewa kwa urefu wa fungu moja, lakini litachelewa hivyo siku zote. Kuyumba kumekwisha, na bei yake imejulikana kabla ya kulipwa.

Wajibuji wangu wana hoja moja yenye nguvu, nayo ni ya usalama. Skripti ni kazi ya mtu asiye mhandisi. Aweza kuandika mzunguko usiokwisha. Lugha yenyewe yaweza kusimama ghafla ili ifagie kumbukumbu yake. Na likitokea hilo katika njia ya sauti, ukumbi mzima utasikia mpasuko au kimya. Kweli. Lakini hoja hiyo yathibitisha kuwa skripti isikae ndani ya njia ya sauti. Haithibitishi kuwa tukio livuliwe saa. Ni mambo mawili mbali. Ge Wang na Perry Cook wa Princeton walitoa lugha ya ChucK mwaka 2003, ambamo wakati hausogei hata sampuli moja mpaka mwandishi aseme usogee. Huko programu na sauti huenda bega kwa bega. Anayeogopa ujirani huo ana mfano mwingine katika SuperCollider ya James McCartney. Toleo lake la tatu liliitenga lugha mbali na kiwanda cha sauti, zikawa programu mbili zinazoandikiana barua. Na barua hizo, kwa mapatano ya OSC yaliyobuniwa Berkeley mwaka 1997, zaweza kubeba muhuri wa saa. Lugha hutuma mapema, kiwanda hungoja saa ifike, na noti hulia mahali pake. Lugha ikisimama kidogo kufagia, hakuna anayejua. Usalama umepatikana na saa haikupotea.

Ama lile neno la pili, kwamba asiyeridhika na ajifunze C++, nalo lina jibu. Mwanafunzi wa utungaji ana miaka michache chuoni, na katika miaka hiyo anatakiwa aijue sauti, ala, historia ya sanaa yake na mikono yake mwenyewe. Kumwambia kuwa wakati, ambao ndio udongo wa kazi yake, umefungiwa katika chumba ambacho ufunguo wake ni taaluma nyingine, ni sawa na kumwambia mfinyanzi kuwa udongo upo, lakini kwanza asomee uchimbaji wa madini. Wengine wataweza, na watasifiwa. Wengi watatunga muziki usiohitaji wakati ulio sahihi: sauti ndefu zinazoelea, mawingu, mivumo. Mimi siudharau muziki huo, lakini nashuku kwamba sehemu kubwa ya wingi wake vyuoni si uchaguzi wa masikio. Ni umbo la foleni.

Imebaki hoja ya mchezaji wa jukwaani. Atasema: muhuri wa saa wataka kutuma mapema, na mimi nikibonyeza kinanda sijui mapema ni lini, SuperCollider huanza na nafasi ya sekunde 0.2 kwa noti zinazopangwa na lugha, na nikingoja sekunde 0.2 baada ya kila kidole, vidole vyangu vitapotea. Amesema haki kuhusu sekunde 0.2. Lakini nafasi hiyo si amri. Hupunguzwa kwa mstari mmoja wa maandishi, na mwenye mtambo mwepesi aweza kuishusha mpaka milisekunde chache, au kuiondoa kabisa kwa noti zile zinazotoka kidoleni, huku mapigo yaliyopangwa na skripti yakiendelea kuwa na mihuri yao. Kila noti hupewa saa inayoifaa na mtu aliyeitunga. Aliye ndani ya js hana mstari wa kuandika, kwa sababu foleni haikumuuliza.